Maswali ya wasomaji: Wazee wameshapokea mbuzi, kesi imeisha?

Mwezi huu nafasi yote nimeiachia jambo moja maana barua na meseji zilizoingia zinafanana mno. Zimetoka Kongwa, Bahi, Mpwapwa, Singida na hapa hapa mjini Dodoma, na karibu wote mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: mtu amefanyiwa ukatili wa kingono, hajui aanzie wapi, hela ya wakili hana, na ndugu wanamwambia anyamaze. Majina nimeyatoa yote na baadhi ya vitu nimevibadilisha ili mtu asitambulike kijijini kwake. Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria kwaiyo nitajibu kwa njia ninazozijua, na swali la kwanza nitalichukulia muda mrefu kuliko mengine kwa sababu ndo linalowaumiza wengi.

*Habari za kazi dada. Mi ni mama wa watoto wanne, nipo kijijini wilaya ya Kongwa. Nalea mtoto wa marehemu mdogo wangu, yupo kidato cha pili, ana miaka 15. Jirani yetu, mtu mzima ana mke na watoto, alimbaka akiwa anatoka kuchota maji. Tulienda polisi wakatupa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hospitali dokta akampima akajaza fomu, jamaa akakamatwa na kesi ikafika mahakamani. Sasa hivi yupo nje kwa dhamana. Wazee wa pande zote wamekaa wakakubaliana atoe mbuzi sita na laki tatu, mbuzi wapo zizini kwa shemeji yangu mkubwa, na mimi naambiwa nikafute kesi maana yameisha. Mume wangu anasema nikikataa naleta uadui kwenye ukoo. Mtoto mwenyewe ananiambia mama mi nataka kusema. Je kesi imeisha? Na kama bado, wakili nampata wapi, hata nauli sina.*

Pole sana dada yangu, na mpe pole huyo binti, mwambie amefanya jambo kubwa kusema anataka kusema.

Kesi haijaisha. Pale mahakamani faili limeandikwa Jamhuri, yani serikali, dhidi ya huyo bwana, halijaandikwa jina lako wala la mumeo. Anayeiendesha ni mwendesha mashtaka wa serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na mwenye mamlaka ya kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, basi. Wewe huwezi kuifuta hata ukitaka, shemeji hawezi, mwenyekiti wa kitongoji hawezi, mtendaji hawezi, baraza la kata halina mamlaka ya kesi ya jinai kama hii. Kwaiyo yule anayekutuma ukafute kesi anakutuma ufanye kitu ambacho hakipo, na ambacho kitakuingiza wewe matatani, kwa sababu kupokea mali ili kosa lifichwe, au kumzuia shahidi asifike mahakamani, ni kosa la jinai lenyewe na linaweza kuwaangukia hao wazee na yeyote aliyeshika mbuzi.

Na kwa sababu kesi ni ya Jamhuri, wewe na mtoto ni mashahidi. Hapa watu wengi wanahangaika bure, wanauza mahindi watafute wakili. Hulipi wakili ili mshtakiwa ashtakiwe. Wakili wa serikali yupo tayari pale. Unachohitaji ni mtu wa kukuelekeza na kukusindikiza, na huyo naye ni bure, nitamfikia hapo chini.

Ila lazima nikwambie kesi hizi zinakufaje maana nimeziona zikifa. Hazifi kwa barua ya kufuta. Zinakufa kimya kimya. Binti anapelekwa Dar au Morogoro kwa shangazi "akapumzike", mama anapata msiba wa uongo siku ya kesi, dokta aliyejaza PF3 kahamishwa hakuna aliyemfuatilia, kesi inaahirishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwisho hakimu anamwachia mshtakiwa kwa kukosa mashahidi na wazee wanasema si mnaona hata mahakama imemwona hana kosa. Kwaiyo dada yangu kazi yako kubwa ni moja, binti asihamishwe kijijini kimya kimya, na kama usalama unalazimisha ahame basi mwendesha mashtaka na mpelelezi wajue yuko wapi na namba ya simu ni ipi. Ukipokea samansi, yani hati ya kukuita mahakamani, itunze, andika tarehe, fika. Shahidi aliyeitwa na Jamhuri anastahili gharama za kufika, mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba nauli huna, usisubiri asubuhi ya kesi.

Kuhusu umri, kwa mtoto wa miaka 15 swali la kama alikubali au hakukubali halipo kabisa. Kanuni ya Adhabu baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inasema chini ya miaka 18 ni ubakaji, kwaiyo hizi hadithi za "walikuwa wanapendana" mwache azipeleke mahakamani mwenyewe. Lakini umri ni lazima uthibitishwe na hapa ndo kesi nyingi zinateleza. Tafuta cheti cha kuzaliwa, kama hakipo tafuta kadi ya kliniki, na hata hivyo vyote visipopatikana mzazi au mlezi anaruhusiwa kusimama na kusema huyu alizaliwa tarehe fulani mwaka fulani. Wewe ndo mlezi, kaa chini ukumbuke vizuri, na uwaulize waliokuwepo alipozaliwa.

Mnaogopa atasimama mbele ya watu wote. Hapana. Ushahidi kwenye kesi za makosa ya kujamiiana unachukuliwa faragha, mahakama inatoa watu nje, na vyombo vya habari haviruhusiwi kutangaza ushahidi wala mashahidi. Mnakumbuka ile kesi ya vijana wanne waliombaka binti, iliyosikilizwa hapa Dodoma 2024, vidio ilisambaa nchi nzima lakini ushahidi wa binti ulitolewa faragha, na tarehe 30 Septemba 2024 mahakama ikawahukumu kifungo cha maisha, maana ubakaji wa kundi adhabu yake ni maisha. Kwa kesi ya mwanao, akitiwa hatiani, adhabu inaanzia miaka 30 jela. Na sikiliza hili kwa makini, sheria hiyohiyo inaitaka mahakama imwamuru alipe fidia kwa mwathirika. Mahakama ndo inapanga kiasi, na fidia hiyo ni ya binti, haipiti zizini kwa mtu. Sasa linganisha na mbuzi sita ambao binti hajagusa hata mkia.

Hao mbuzi usiwachinje, usiwauze, usiwahamishe. Mwambie mpelelezi au mwendesha mashtaka ukweli wote kwamba wameletwa, nani kawaleta, nani kawapokea, siku gani. Ukisema mwenyewe mapema unakuwa shahidi wa jambo hilo. Ukikaa kimya siku likiibuka utaulizwa kwanini ulinyamaza.

Dhamana nayo isiwavunje moyo, dhamana sio kushinda. Ila akikutishia, akituma mtu, akimfuata binti njia ya shule, hilo linaripotiwa siku hiyohiyo kituoni na kwa mwendesha mashtaka, maana mahakama inaweza kumfutia dhamana. Tuna pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, kwaiyo ukisema unaogopa huombi upendeleo.

Sasa msaada wenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusajiliwa, wapo kwenye kila wilaya, na hawaruhusiwi kukutoza hela, akikutoza mripoti. Nenda halmashauri Kongwa muulize afisa maendeleo ya jamii akuonyeshe waliosajiliwa. Ukiwa hapohapo pitia kwa afisa ustawi wa jamii, huyu ndo wa kumsimamia mtoto, anaweza kwenda naye mahakamani na anaweza kuongea na mumeo, wakati mwingine mwanaume anamsikiliza mgeni mwenye faili kuliko mkewe. Huduma ya Simu kwa Mtoto namba 116 ni bure mitandao yote, hata binti mwenyewe anaweza kupiga. Na mkihitaji mwanasheria kabisa, hapa Dodoma mjini kuna TAWLA ambao ni chama cha wanasheria wanawake, na kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wote wanatoa msaada bila malipo kwa asiye na uwezo. Ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo, kama bado inaendelea, ikipita wilayani kwenu usiikose, wanakuja na mawakili mpaka vijijini.

Kuna mahali unaambiwa lete barua ya mtendaji kuthibitisha huna uwezo. Kama mtendaji wako ndo alikaa kwenye kile kikao cha mbuzi, waambie hivyohivyo, watakusikiliza.

Mumeo naomba umweleze taratibu kwamba uadui haujaletwa na wewe. Umeletwa na aliyembaka mtoto.

*Dada samahani kwa kukusumbua. Nina miaka 22, nilitoka Mpwapwa kuja kufanya kazi za ndani hapa mjini, nina mwaka na miezi kwenye nyumba hiyo. Mdogo wake bosi aliingia chumbani kwangu usiku. Sikupiga kelele, niliganda tu. Asubuhi nikaoga nikafua na shuka. Baada ya siku nne nikaenda polisi, aliyekuwa zamu akaniuliza mbona hukupiga kelele mbona huna hata mchubuko, nikatoka nalia sijarudi tena. Bosi alivyojua akanifukuza na mshahara wa miezi miwili hajanipa. Sasa hivi ni wiki tatu. Nina meseji yake ananiomba msamaha. Kuna kesi hapo au nimeshajiharibia?*

Mdogo wangu hujajiharibia chochote. Kuna kesi.

Kuganda kunatokea kwa watu wengi, mwili unakataa kufanya kazi, na wabunge waliotunga sheria mwaka 1998 waliliona hilo kabla yako. Sheria inasema wazi kwamba sio lazima kuwe na ushahidi wa kupigana au majeraha mwilini ili kuthibitisha kwamba hukuridhia. Yani lile swali la mchubuko lisikutoe kituoni. Pia mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwathirika mwenyewe. Kwaiyo usijione mnyonge kwa sababu hamna aliyeona, makosa haya hayafanywi mbele za watu.

Rudi polisi, ila safari hii usiende peke yako na usiongelee pale kaunta. Sema unataka Dawati la Jinsia na Watoto. Wana chumba chao, na una haki ya kuomba askari wa kike akusikilize. Ukijibiwa vibaya tena, muombe mkuu wa kituo, ukishindwa hapo nenda ngazi ya wilaya au mkoa, na hapa ndo umuhimu wa kuwa na msaidizi wa kisheria au mwanasheria wa TAWLA pembeni, sijui kwanini lakini mtu akiona umeongozana na mwenye kitambulisho shingoni anakumbuka kazi yake ghafla. Inaniuma kuandika hivyo maana wapo askari wa dawati wanaofanya kazi kwa moyo mpaka usiku, nimewaona, na nisingependa huyo mmoja ndo akufanye usiwafikie.

Maelezo yako yakishaandikwa yasome kabla hujasaini, kama husomi vizuri omba usomewe, kama kuna neno wameliweka ambalo hukulisema sema lirekebishwe. Taja jina la mtu tangu mwanzo. Mahakama inaangalia sana kama ulimtaja mhusika mapema iwezekanavyo. Umechelewa siku nne na sasa wiki tatu, eleza kwanini, kwamba ulikuwa unaishi kwenye nyumba ya ndugu yake, kwamba ulienda ukarudishwa na swali. Hiyo ni sababu na inapokelewa, mradi uiseme.

Meseji ya msamaha usiifute, na simu usiiuze wala usibadilishe laini. Skrinshoti piga ndiyo, mtumie na mtu unayemwamini, lakini simu yenyewe ndo kielelezo.

Hospitali bado nenda hata kama ni wiki tatu. Watakupima ujauzito, virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine, watakupangia kurudi kupima tena, na wataandika kwenye PF3 walichokiona na ulichowaeleza. Ulizia kama hospitali ina kituo cha Mkono kwa Mkono, pale dokta, polisi, ustawi wa jamii na mshauri wanakuwa sehemu moja ili usizunguke na kurudia habari yako kila mlango.

Kwa wengine mnaosoma hapa na Mungu aepushe lakini likitokea leo, tafadhali msisubiri hata kama hamjaamua kushtaki. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanza ndani ya saa 72 na kila saa inavyopita nguvu inapungua, ukiweza ingia hospitali ndani ya saa chache. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ni ndani ya saa 120, yani siku tano. Usioge kwanza, usipige mswaki kama mdomo umehusika, nguo ulizovaa usizifue, zikunje uziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, nailoni inatunza unyevu na ushahidi unaoza. PF3 haiuzwi, ukiombwa hela ya fomu kataa. Na kama umeumia sana anza hospitali, matibabu ya dharura hayasubiri karatasi, waambie wakuhudumie na polisi wataitwa au fomu italetwa. Hayo yote yanasaidia lakini hata aliyeoga na kufua, kama huyu mdogo wetu, kesi anayo.

Kuhusu kazi, madai yako usiyaache. Dada wa kazi ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Umefanya kazi zaidi ya miezi sita kwaiyo una haki ya kulalamika kuachishwa isivyo halali, ila muda ni mfupi mno, siku 30 tu tangu ufukuzwe, na madai mengine kama mshahara ni siku 60. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) hapa Dodoma wiki hii, uliza fomu namba moja ya CMA, kufungua shauri ni bure na hauhitaji mkataba wa maandishi, utaeleza ulianza lini na ulikuwa unalipwaje. Huu ni mlango tofauti kabisa na wa polisi, bosi asikudanganye kwamba usubiri kesi ya mdogo wake iishe.

*Habari. Mtoto wa kaka yangu ni wa kiume ana miaka 11, tumegundua kijana aliyekuwa anampeleka shule na bodaboda alikuwa anamlawiti. Kaka hataki ijulikane, anasema mtoto wa kiume ataharibika jina maisha yote. Mimi ni shangazi yake, nafanyaje?*

Shangazi piga 116 leo. Huhitaji ruhusa ya kaka yako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapoumizwa, na wewe ni zaidi ya mwanajamii. Kumlawiti mtoto chini ya miaka 18 adhabu yake ni kifungo cha maisha, na huyo kijana kama alimbeba mmoja kwenye pikipiki yake kabeba na wengine.

Hospitali kwanza, dawati baadaye au vyote pamoja. Muda umepita sio tatizo, apimwe. Msimuulize muulize, kila shangazi na mjomba akitaka asimuliwe upya mtoto anachoka, anaanza kubadilisha maneno ili watu wazima waridhike na mahakamani wakili wa mshtakiwa anayashika hayo. Mtu mmoja amsikilize, aandike, inatosha. Mahakamani mtoto wa umri wake anaweza kutoa ushahidi bila kuapishwa kama mtu mzima, anaahidi kusema ukweli na kutokusema uongo, na ushahidi wake una uzito.

Na kaka umwambie kwamba jina la mtoto linalindwa na ile faragha niliyoieleza juu. Wanaume wazima mnaosoma hii na yaliwakuta, dawati ni lenu pia, jina linasema jinsia, halisemi wanawake.

*Dada mimi ni mwanachuo hapa Dodoma. Mwalimu mmoja amenipa sapu (mtihani wa marudio) na sikustahili, sasa ananiambia nikutane naye lodge tuongee ndo atanisahihishia upya. Nikimripoti si nitafelishwa mpaka nimalize?*

Usiende. Hata kwa lengo la kumrekodi, usiende peke yako.

Hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mtu mwenye madaraka anapoweka ngono kama sharti la kukupa haki yako. Kosa linakamilika anapodai, halisubiri ufike lodge. Piga 113 TAKUKURU, ile taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni bure, au nenda ofisi zao, na nenda kabla hujamjibu chochote maana wao ndo wanaojua kupanga namna ya kupata ushahidi bila wewe kuumia. Tunza meseji na simu zilizopigwa, andika tarehe na maneno aliyosema ana kwa ana siku hiyohiyo ukiwa bado unayakumbuka. Hapohapo andika barua ya kawaida kabisa kuomba mtihani wako usahihishwe upya na mtu mwingine, usitaje sababu, hiyo ni haki yako ya kitaaluma na inaacha kumbukumbu ya tarehe. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia, litumie ukiliamini, usipoliamini anza TAKUKURU.

*Mume wangu ananilazimisha, nikikataa ananipiga. Polisi waliniambia ni mumeo huwezi kushtaki. Ni kweli?*

Nusu ni kweli na inanikera kuiandika. Sheria yetu ya ubakaji inamhesabu mume pale tu ambapo mmetengana. Mkiwa mnaishi pamoja hailiiti tendo hilo ubakaji, na hapo mi naona sheria imewaacha wanawake nje ya mlango, na wanaharakati wamelipigia kelele miaka na miaka.

Nusu ya pili walikudanganya. Kupiga ni kosa la jinai, mume au sio mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kwaiyo unaripoti kipigo, unachukua PF3, dokta anaandika majeraha yote na unamweleza yalitokeaje. Halafu kuna njia ya mahakama, unaweza kuomba kutengana au talaka kwa ukatili, na ulazimishaji huo unaingia humo kwenye ukatili. Kwa talaka, kawaida unaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa lakini mahakama inaweza kuruhusu uruke hatua hiyo mazingira yakiwa mabaya, mwanasheria wa msaada atakuandikia. Na mkishatengana, akija kukulazimisha, hapo sasa ni ubakaji kwa maana kamili ya sheria na miaka 30 inamhusu. Kabla ya kuondoka ongea na ustawi wa jamii kuhusu pa kulala na watoto, usiondoke usiku bila mpango kama unaweza kusubiri asubuhi, ila kama maisha yapo hatarini ondoka, piga 112.

*Nilikuwa na miaka 12, ni mjomba aliyekuwa anatulea. Sasa nina 24. Muda si umeshapita?*

Haujapita. Kosa zito la jinai kama hili halina ukomo wa muda hapa kwetu, hata miaka ikipita mtu anaweza kushtakiwa.

Ugumu ni ushahidi, sitakuficha. PF3 ya wakati huo haipo, mahakama itauliza kwanini kimya chote, na majibu yako, kwamba ulikuwa mtoto, ulikuwa unakula kwake, ulitishiwa, itabidi yasimame yenyewe. Kinachosaidia ni kama kuna mtu ulimwambia zamani, mwalimu, rafiki, bibi, kama uliwahi kutibiwa, kama kuna ndugu mwingine aliyepitia hayohayo. Anza kuandika unachokumbuka bila haraka, mwaka, nyumba ipi, darasa la ngapi, nani alikuwepo.

Alafu usianzie polisi, anzia kwa mwanasheria wa msaada. Kuongea naye hakukufungi, hutalazimika kushtaki, atakuambia una nini mkononi na uamuzi unabaki kwako. Muulize pia akuelekeze kwa mshauri wa saikolojia, maana kuyatoa mambo ya miaka 12 kunachosha na hupaswi kuyabeba peke yako. Na kama huyo mjomba sasa hivi ana watoto wengine anaowalea, hilo litaje siku ya kwanza kabisa, na wao ustawi wa jamii wanaweza kwenda kuwaangalia hata kabla hujaamua kuhusu kesi yako. Ukifika ofisini waambie tu mapokezi unataka kuongea na mwanasheria faragha, habari nzima huhitaji kuieleza pale mlangoni.